Sindano Kwenye Kiroba cha Maganda

Kuna kituo cha daladala Tabata, Dar es Salaam, kinaitwa Dampo. Konda anauliza, "Dampo wapo?", mtu wa kiti cha nyuma anajibu, "Shusha!", anashuka na mfuko wake wa nyanya na kwenda zake. Dampo lenyewe hulioni. Lilikuwapo, na taka za jiji zilimwagwa hapo mpaka wakazi walipochoshwa na moshi, nzi na harufu, wakaishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu mwaka 1988. Wakashinda. Jiji likaomba kuongezewa muda, na likaomba tena, hadi Jaji Lugakingira akashangaa kuona mamlaka ya umma inathubutu kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira ya watu wake. Taka zikageuziwa Kunduchi Mtongani. Watu wa huko nao wakaenda mahakamani, 1991, nao wakashinda. Baadaye zikapelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa zinakwenda Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 30 kutoka Posta.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini jiji limekuwa likijiuliza taka zipelekwe wapi. Swali la zimechanganyika na nini tumelikwepa, maana jibu lake linaanzia jikoni kwa mtu, na hakuna anayependa kuulizwa mambo ya jikoni kwake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Sensa ya 2002 ilikuta Dar es Salaam ina watu milioni 2.5 hivi, ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya 2018 kuhusu taka, ilikadiria kwamba mtu mmoja Afrika kusini mwa Sahara hutupa wastani wa kilo 0.46 kwa siku. Zidisha. Unapata karibu tani 2,500 kila kukicha, na huo ni wastani unaojumlisha vijijini, ambako maganda huliwa na mbuzi kabla hayajaitwa taka. Malori ya tani saba yangehitaji safari zaidi ya 350 kwenda Pugu kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo.

Na safari ya Pugu si ya mchezo. Kuna foleni ya barabarani, kuna mafuta, na masika ikishika kuna tope. Mkandarasi wa taka analipwa ada kwa nyumba, si kwa kilo, kwa hiyo kila safari anayoiruka ni pesa iliyobaki mfukoni. Anasubiri lori lijae hadi lishonane. Wiki ya kwanza hajapita, wiki ya pili hajapita, kiroba kinatoa funza pale mlangoni, na siku mvua kubwa ikinyesha utasikia watu usiku wakifungua mageti taratibu. Asubuhi viroba havipo. Vimekwenda na maji mtaroni, mtaro umevipeleka Mto Msimbazi, na Msimbazi ukifurika Jangwani tunasema mvua za mwaka huu zimezidi.

Sasa tuangalie ndani ya kiroba chenyewe.

Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani Dar es Salaam ni mabaki ya chakula na vitu vya kuoza: maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, majani ya mchicha, ukoko, vichwa vya dagaa. Kimoja kimoja ni vitu visivyo na ubaya. Ukivirudisha shambani ni mbolea, ukimpa mfugaji ni chakula cha nguruwe au cha funza wanaolishwa kuku. Halmashauri ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa ajili ya taka za namna hii hasa.

Lakini vitu hivi vina maji. Ukivitupa pamoja na boksi la viatu, boksi limekufa: karatasi iliyolowa mchuzi hainunuliwi. Ukivitupa na chupa za maji, chupa zinanuka na kupungua bei. Ukivifunga ndani ya plastiki, vikafukiwa chini ya taka nyingine mahali ambapo hewa haifiki, vinaoza kwa namna tofauti kabisa na vile vinavyooza juu ya tuta la mboga. Vijidudu vinavyofanya kazi pasipo hewa hutoa gesi ya methani, ambayo inawaka, na ndiyo sababu moto wa dampo unaweza kufukuta siku nyingi ndani kwa ndani huku juu unaona moshi tu. Maji yao nayo huchuruzika chini yakibeba kila yalichokutana nacho njiani, betri za tochi, rangi, dawa za mende, na kuingia ardhini. Kwa hiyo ganda la ndizi, ambalo peke yake halina kosa, likiingia kwenye kiroba kimoja na betri linageuka kuwa gari la kubebea sumu.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kuchanganya ni kazi ya sekunde moja na haigharimu kitu. Kuchambua kilichochanganyika ni kazi ya mchana kutwa, na mara nyingi haiwezekani. Ni kama mchele uliomwagikiwa na mafuta ya taa. Hata ukiuosha mara saba, nani ataula?

Anayefanya kazi hiyo ya kuchambua tunamjua wote. Mtaani kwa shangazi yangu lori haliingii, uchochoro ni mwembamba, kwa hiyo anakuja kijana na guta. Ana namna yake. Hafungui kiroba mara moja. Anakiminya kwanza juu, kisha kati, kama mtu anayechagua parachichi sokoni, na anasikiliza. Chupa ya maji inalia krrr. Kopo la soda linalia kavu zaidi. Akisikia, anapenyeza mkono, anatoa, anarusha kwenye salfeti lake la pembeni, kisha anafunga kiroba chako vizuri na kukipakia. Chupa, makopo, vyuma, ndoo zilizopasuka, hata boksi kama halijalowa, vyote vina wanunuzi wanaovipima kwa kilo. Pampasi haina mnunuzi. Mifuko laini haina, hata hii midogo myembamba iliyojipenyeza mitaani kwa jina la vifungashio baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Ukitaka kujua kwa nini mitaro imejaa vifungashio na haina makopo ya soda, huna haja ya utafiti. Fuata bei.

Asubuhi moja alipenyeza mkono kwenye kiroba chetu akautoa haraka. Hakupiga kelele. Alikitazama kidole, akakiminya, tone la damu likatoka.

"Dada, humu kuna nini?"

Nilijua kabla hajamaliza. Shangazi ana kisukari na anachoma insulini mara mbili kwa siku. Sindano alikuwa anazifunga kwenye kipande cha gazeti, kwa adabu kabisa, na kuzitia kwenye kiroba cha maganda.

Tulikwenda naye kituo cha afya asubuhi ileile. Shangazi naye alijikokota akaja kupimwa, huku akiomba radhi njia nzima: "Mwanangu nisamehe, mwanangu nisamehe sana." Kijana anajibu tu, "Usijali, bi mkubwa." Nitaeleza kwa nini haraka ile ina maana. Mtu akichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 katika 1,000. Homa ya ini aina ya C ni karibu 18 katika 1,000. Homa ya ini aina ya B, kwa mtu asiyechanjwa, inaweza kufika 300 katika 1,000, na virusi vyake vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, kwenye damu iliyokauka ambayo hata huioni. Dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mapema kadiri inavyowezekana, na zinamezwa siku 28. Homa ya ini B ina chanjo. Nilimuuliza kama amewahi kuchanjwa. Akacheka, akasema chanjo aliyopata ni ile ya utotoni, kovu lake lile pale begani.

Sindano mbili kwa siku ni sindano 730 kwa mwaka, kutoka nyumba moja. Bado hujahesabu vile visindano vidogo vya kutoboa kidole kupima sukari.

Hospitalini jambo hili limepangwa, na inafaa kujua limepangwaje, kwa sababu mpango wenyewe una akili nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 85 ya taka za vituo vya afya ni taka za kawaida tu: karatasi, maboksi ya dawa, mabaki ya chakula cha wagonjwa. Asilimia 15 iliyobaki ndiyo yenye hatari, iwe ya maambukizi, kemikali, au mionzi. Ujanja wote ni kuhakikisha ile 15 haiigusi ile 85. Pamba moja yenye usaha ikidondoka kwenye ndoo ya karatasi, ndoo nzima inahesabiwa kuwa ya hatari, na gharama ya kuiteketeza inapanda hivyohivyo.

Ndiyo maana wodini unaona rangi. Ndoo nyeusi au ya bluu ni ya taka za kawaida. Ya njano ni ya zile zenye maambukizi, kama glovu zilizotumika, gozi na bandeji zenye damu. Nyekundu ni ya zile zenye hatari kubwa zaidi, kama vipande vya mwili. Sindano na viwembe vina nyumba yao, lile boksi gumu ambalo manesi wanaliita sefti boksi. La lita tano hubeba mabomba ya sindano 100 hivi. Nesi aliyefundishwa vizuri hairudishii sindano kifuniko, kwa kuwa wengi hujichoma pale pale wanapolenga kifuniko. Anaidondosha boksini pamoja na bomba lake, akiwa bado amesimama kando ya mgonjwa. Na boksi halijazwi hadi juu. Likifika robo tatu linafungwa, kwa sababu mkono unaoshindilia ya mwisho ndio unaokutana na ncha.

Tazama jinsi mfumo huu ulivyojengwa: uamuzi unafanywa na yule aliyeshika kitu, mahali alipokishikia, kabla hajageuka. Mfanyakazi wa usafi hachambui. Mchoma taka hachambui. Wao wanabeba rangi tu.

Rangi ikikosewa, gharama inaonekana kwenye tanuri. Watu wengi wanadhani tanuri la hospitali ni shimo la moto lenye bomba refu. La kueleweka lina vyumba viwili. Cha kwanza kinachoma taka. Cha pili kinauchoma moshi wenyewe, kwenye joto la nyuzi 850 za Selsiasi na zaidi, ili gesi mbaya zivunjike kabla ya kutoka. Ukitia maganda mabichi ya chungwa kutoka jikoni, moto unatumia nguvu zake kukausha maji na joto linashuka. Ukitia vichupa vya dawa vya kioo, vinapasuka au kuyeyuka na kuziba wavu. Mifuko mingi ya dripu ni ya plastiki yenye klorini ndani yake, na klorini ikiungua kwenye moto hafifu huzaa dayoksini, sumu ambazo Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania imeuridhia, uliwekwa kuzipunguza. Halafu kuna majivu. Ndani ya majivu sindano bado zipo, zimekuwa nyeusi lakini ncha ni ileile, na yanatakiwa shimo lake lililojengewa. Baadhi ya taka zinaweza kuepushwa na moto kabisa kwa kupikwa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwenye chombo kinachobana hewa, kisha zikasagwa. Mvuke hauzai dayoksini. Kondo la nyuma lina shimo lake maalumu, na hapo kuna staha zaidi ya sayansi, kila mama anaelewa kwa nini.

Kwa hiyo hospitalini sindano moja ina boksi, ina rangi, ina tanuri, ina shimo la majivu. Sindano hiyohiyo ikitumika sebuleni kwa shangazi ina kipande cha gazeti.

Hapa ndipo mji unaokua unapotuacha. Zamani mgonjwa alilazwa. Siku hizi tunarudi nyumbani na tiba: insulini, kidonda cha kufungwa kila asubuhi, mpira wa mkojo wa mzee aliyepooza, dawa za miezi mitatu. Wodi imehamia chumbani, ndoo za njano zimebaki hospitalini. Kwenye vitabu vya halmashauri vyote hivyo ni taka za nyumbani, vinalipiwa ada moja, vinapanda guta moja.

Watu wanabuni njia zao, na nyingi ni mbaya kuliko kiroba. Wengine wanachoma uani. Moto wa uani unaunguza bomba na kuacha ncha, watoto wanakuja kuchezea majivu. Wengine wanatupa chooni. Choo cha shimo hakisahau: gari la maji taka likija kunyonya linaziba, au mvua ikija watu wakatapisha choo, mabomba yanatoka yakielea mpaka mlangoni kwa jirani wa bondeni.

Nilichofanya kwa shangazi ni kitu cha bei ya bure. Chupa tupu ya Jik, ile ya plastiki ngumu, imewekwa karibu na anapochomea, kifuniko kimefungwa kwa kamba ili kisipotee. Sindano inaingia moja kwa moja bila kurudishiwa kofia yake. Nje nimeandika kwa maka pen: SINDANO, USIFUNGUE. Ikifika robo tatu inazungushiwa selotepu na kwenda naye kliniki ya kisukari siku ya miadi. Ni swali ambalo kila mgonjwa anapaswa kumuuliza nesi wake, zinapokelewa hapa au wapi. Gozi za kidonda na pampasi zinafungwa kwenye mfuko wao, fundo mbili, ndipo ziingie kwenye kiroba. Mfuko wa mkojo unamwagwa chooni kwanza. Dawa zilizopitwa na muda mahali pake ni famasi au hospitali itakayokubali kuzipokea. Ukikosa kabisa, zitoe kwenye maganda yake, zichanganye na majivu au majani ya chai yaliyotumika ili asitamani mtu kuziokota na kuziuza, chana na boksi lake. Kuna watu wanaokusanya maboksi mazima ya dawa, na hawayakusanyi kwa ajili ya kuwashia moto.

Kwa taka nyingine, viroba viwili: kibichi na kikavu. Basi. Simwambii mtu anunue ndoo tatu za rangi. Nimeziona ndoo tatu za rangi kwenye nyua za ofisi nyingi mjini hapa, zimeandikwa vizuri, na ukichungulia zote tatu zina maganda ya machungwa na chupa za soda.

Najua swali linalofuata, kila ninayemweleza ananiuliza: kuna faida gani nikitenganisha, wakati lori linakuja na kumwaga vyote pamoja? Ni hoja ya haki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iliweka kutenganisha taka pale zinapozalishwa ndani ya wajibu wa halmashauri, na mwananchi aliyetenganisha akakuta vimechanganywa mbele ya macho yake ana haki ya kukasirika. Kutangaza utenganishaji kabla ya kupanga lori la vibichi lipite lini na la vikavu lini ni kuanza kujenga kwa paa.

Hata hivyo lori si mtu wa kwanza kukutana na kiroba chako. Wa kwanza ni yule wa guta, na yeye hachanganyi. Siku ya kwanza alipokuta viroba viwili alikiminya kikavu, kikalia krrr kutoka juu hadi chini, akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi. Alikichukua kizima bila kupenyeza mkono. Kibichi alikipakia peke yake, na jirani mwenye kuku akamsimamisha hatua kumi mbele wakaanza kuelewana.

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi kliniki na chupa yake mkobani. Nesi aliipokea, akaitikisa karibu na sikio, akaigeuza kuitazama kwenye mwanga.

"Shikamoo bibi. Hii umeijaza sana. Robo ya juu uwe unaiacha wazi."

"Marahaba, mwanangu," shangazi akasema. "Nilikuwa nabana matumizi. Nyumbani Jik inachelewa kuisha."